Pampu ya joto na baridi ya Maine: uliza kwanza unachoma nini

Kila vuli, watu wanapoanza kutoa makoti kabatini, simu yangu huniletea swali lile lile: "Ndugu, hizi pampu za joto ni za kweli au ni biashara ya watu?" Anazungumzia zile mashine za umeme za kupasha nyumba. Anayeuliza anaweza kuwa mama wa Uvira aliyenunua nyumba yake ya kwanza Lewiston, au kijana wa Bujumbura aliyepanga ghorofa ya tatu hapa Portland, jimbo la Maine, Marekani, au mzee wa Tanga anayeishi na mwanawe Westbrook na bili zinamnyima usingizi. Kabla sijajibu, nami huuliza: kwa sasa nyumba yako inapashwa joto na nini? Anayekuahidi kwamba utaokoa pesa bila kulijua hilo anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa zako.

Nimeamua kuandika kirefu kwa sababu jambo hili linatugusa mfukoni kuliko tunavyokiri. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo hakuna anayepasha nyumba. Ukisikia baridi Kigoma unafunga dirisha, unajifunika shuka, yamekwisha. Hata waliokulia Njombe au Bukavu wanajua jiko la mkaa na blanketi zito, basi. Hakuna aliyetufundisha kununua joto. Tunafika Maine, Novemba inaingia, na joto linakuwa kitu cha kulipia kila mwezi, pengine kwa pesa nyingi kuliko chakula.

Takriban nusu ya nyumba za jimbo hili bado zinategemea mafuta ya kupashia, na hakuna jimbo jingine Marekani linaloyategemea kiasi hicho. Mafuta yenyewe, usishangae, ni dizeli iliyotiwa rangi nyekundu ili ijulikane kuwa haikulipiwa kodi ya barabara. Tangi la kawaida chini ya nyumba hubeba galoni 275. Kampuni nyingi hazipendi kuleta chini ya galoni 100 kwa safari moja, na hapo ndipo maskini anapobanwa: asiye na pesa ya galoni 100 hulipa zaidi kwa kila galoni. Huchukua madumu ya njano ya galoni 5, huenda kituo cha mafuta, hununua dizeli ya magari pamoja na kodi yake, kisha humimina mwenyewe kwenye bomba lililo ukutani nje ya nyumba.

Nimewahi kumshikia tochi jirani yangu akifanya hivyo usiku wa Januari. Mikono ilikuwa imekufa ganzi hata kufungua kizibo hakuweza, na dizeli ilimwagikia glavu zake za pekee. Tulipomaliza, boila, yaani mtambo unaochoma mafuta kupasha nyumba, haikuwaka. Tangi likikauka kabisa, hewa huingia kwenye mrija, na boila haikubali kuwaka mpaka hewa hiyo itolewe. Watoto walilala na makoti mpaka fundi alipokuja asubuhi, na bili ya fundi ikaongezeka juu ya bili ya mafuta. Nikisikia mtu anasema suala la kupasha nyumba ni la wenye nyumba kubwa, huwa nakumbuka glavu zile.

Mwaka 2022 bei ya mafuta hapa ilipita dola 5 kwa galoni. Hali ilikuwa mbaya hata Januari 2023 jimbo likatoa malipo ya dola 450 kwa kila mkazi aliyestahili, kumsaidia avuke majira ya baridi. Ni katika kipindi hicho watu wetu walipoanza kuulizia kwa wingi yale masanduku meupe yenye feni waliyokuwa wakiyaona nje ya nyumba za majirani.

Sasa niseme mashine hii inafanya nini, maana ukielewa hapo huwezi kudanganywa. Boila inatengeneza joto kwa kuchoma kitu. Hita ya umeme inatengeneza joto kwa kupitisha umeme kwenye waya: uniti moja ya umeme (kWh kwenye bili yako) inakupa uniti moja ya joto, haiongezeki hata kidogo. Pampu ya joto haitengenezi, inahamisha. Weka mkono nyuma ya friji yako: pale pana joto, na joto hilo limetolewa ndani, kwenye maziwa na mboga. Pampu inafanya kazi hiyo hiyo, ila inalichota joto nje ya nyumba na kulileta sebuleni.

Hapa ndipo watu hukunja uso. Nje kuna barafu, joto linatoka wapi? Jibu liko kwenye gesi inayozunguka ndani ya mabomba. Gesi iliyotumika sana kwa miaka mingi, R-410A, huchemka kwenye nyuzi 51 hivi chini ya sifuri (nyuzi zote humu ni za Selsiasi), na R-32 iko karibu hapo hapo. Kwa gesi kama hiyo, hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni ya moto. Gesi inafyonza joto hilo, kompresa inaibana, ikibanwa inapanda joto, kisha inaingia ndani na kuliachia. Umeme unalipia kazi ya kubana na kusukuma tu. Kukiwa na ubaridi wa wastani, uniti moja ya umeme inaweza kuleta uniti tatu za joto. Baridi ikizidi, zinashuka kuelekea mbili. Ukichukua majira yote ya baridi ya Maine kwa jumla, mbili na nusu ni kadirio la haki, na ndilo nitakalolitumia hapa chini.

Wazo lenyewe si geni. Jumba la Jiji la Zurich, Uswisi, lilipashwa kwa pampu iliyochota joto kwenye maji ya mto Limmat tangu 1938. Na ukitaka kujua kama mashine hizi zinahimili baridi, tazama wanaozitumia: Norway, karibu kaya 6 kati ya 10 zinayo, na Sweden na Finland zinafuata kwa zaidi ya kaya 4 kati ya 10. Hizo ndizo nchi za baridi kali Ulaya. Pampu za miaka ya nyuma zilishindwa kweli, na sifa yao mbaya ilibaki midomoni mwa watu. Za sasa zilizotengenezwa kwa ajili ya baridi, zenye kompresa ya inveta, yaani inayoongeza na kupunguza kasi yenyewe, nyingi zinaendelea kufanya kazi hata kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Mwaka 2019 Gavana Janet Mills aliliwekea jimbo lengo la pampu mpya 100,000 ifikapo 2025. Lengo likafikiwa 2023, miaka miwili kabla, likawekwa jingine la kuongeza 175,000 ifikapo 2027.

Haya, tuje kwenye hesabu. Chukua kalamu.

Galoni moja ya mafuta, ikichomwa kwenye boila ya wastani, inakupa joto la takriban uniti 34. Pampu ikitaka kukuletea joto hilo hilo itakula umeme wa uniti kama 13 na nusu. Kwa hiyo chukua bili yako ya umeme, gawanya jumla ya pesa kwa jumla ya uniti upate bei halisi ya uniti moja, pamoja na gharama ya kusafirisha. Zidisha kwa 13 na nusu. Jibu lake ndiyo bei ya galoni ambayo pampu inashindana nayo. Tuseme umeme wako ni senti 27: unapata dola 3 na senti 65. Mafuta yakiwa dola 5, pampu inakuokolea zaidi ya dola moja kwa kila galoni ambayo hukuichoma, na nyumba nyingi huchoma mamia ya galoni kwa msimu. Mafuta yakiwa dola 3 na nusu, hakuna unachookoa kwenye bili. Unaweza hata kuzidishiwa kidogo.

Hilo wauzaji wengi hawalisemi, na mimi nalisema kwa sababu nataka tuaminiane. Mwenye boila nzuri ya mafuta, katika mwaka wa mafuta rahisi na umeme ghali, haruki kutoka umaskini kwenda utajiri kwa kuweka pampu. Anapata kiyoyozi cha kiangazi, anapata njia mbili za kupasha nyumba badala ya moja, na bei ya mafuta ikipaa ana pa kukimbilia. Hayo yana thamani yake, ila yahesabiwe kwa jina lake.

Walio na faida kubwa ni wengine, na wengi wao ni sisi. Wa kwanza ni wanaoishi kwenye nyumba za trela. Tangi la trela liko nje, na dizeli ya kupashia huganda kwenye baridi, kwa hiyo lazima wanunue mafuta ya taa, ambayo siku zote ni ghali kuliko mafuta mekundu na yana joto pungufu kidogo kwa galoni. Wengine ni wanaotumia gesi ya propeni. Galoni ya propeni inaonekana rahisi kwa bei, lakini ina joto kama theluthi mbili tu ya galoni ya mafuta. Pampu inalileta joto lake kwa uniti 10 hivi za umeme. Kwa senti 27 zile zile ni dola 2 na senti 70. Linganisha na bei unayolipa wewe.

Na kuna wale wenye hita za umeme, yale mabati marefu yaliyolala chini ya madirisha. Kwa hao hakuna haja ya mjadala. Umeme ni ule ule na mita ni ile ile, na kila dola 100 wanazotumia kwa joto zinaweza kushuka hadi 40. Ningekuwa na uwezo wa kuamuru kitu kimoja jimbo zima, ningeamuru nyumba hizo zihudumiwe kwanza.

Gharama ya kuweka ndiyo inayowatisha watu, na kwa haki, maana nyumba nzima inaweza kumeza maelfu mengi ya dola. Ipo taasisi inaitwa Efficiency Maine inayorudishia sehemu ya gharama kwa kufuata kipato. Kuanzia Septemba 2023 mpango wake wa pampu za nyumba nzima ulirudisha hadi dola 4,000 kwa kipato chochote, 6,000 kwa kipato cha kati na 8,000 kwa kipato cha chini. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo soma vya mwaka wako kabla ya kutia sahihi popote. Nafuu ya kodi ya serikali kuu, ile ya asilimia 30 isiyozidi dola 2,000, imekwisha: iliwahusu tu waliowekewa pampu hadi tarehe 31 Desemba 2025. Fundi anayekupigia hesabu leo huku akiitoa nafuu hiyo kwenye bei, mwambie arudie hesabu. Kwa wanaopata msaada wa kupasha nyumba kupitia MaineHousing, mamlaka ya nyumba ya jimbo, na wanamiliki nyumba yao, uliza papo hapo, kwenye ofisi ile ile ulikoombea msaada, kuhusu mpango wa kuwekewa pampu. Watu wanapanga foleni ya msaada wa mafuta kila mwaka na hawajui kwamba kuna swali la pili la kuuliza.

Halafu kuna matumizi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea baada ya mashine kufungwa vizuri kabisa.

Mimi hufanya ukalimani, na niliwahi kuitwa na mama mmoja aliyewekewa pampu mwezi huo. Bili yake ilikuwa imepanda na hakuelewa kwa nini. "Mwanangu," akaniambia, "naizima kila nikitoka. Nikirudi naiweka juu kabisa. Si ndiyo kubana matumizi?"

"Mama, kwa gari ungekuwa sawa," nikamwambia. "Hii iache."

"Niiache ikiwaka nyumba tupu?"

"Iache, mama. Iweke kwenye joto moja unalolipenda, usiiguse."

Alinitazama kama niliyetumwa na kampuni ya umeme. Lakini inveta ndivyo ilivyo: inapata tija kubwa ikienda polepole, ikilisha nyumba joto kidogo kidogo. Ukiizima mchana kutwa, kuta na sakafu na magodoro vyote vinapoa, na jioni unailazimisha kukimbia kwa nguvu zake zote, saa ambayo nje baridi imeshazidi. Uniti zilizookolewa mchana zinaliwa zote jioni. Tulikaa naye mezani na rimoti. Ilikuwa kwenye ile alama ya kujiamulia yenyewe, na siku yenye jua mashine ilikuwa ikigeuka na kupoza nyumba mwezi Machi. Tukaiweka kwenye alama ya jua, kupasha tu. Tukafungua kifuniko cha juu, tukatoa vichujio viwili vya plastiki; vilikuwa vimefunikwa na vumbi na unga wa sambusa kama blanketi. Akaviosha kwenye sinki kwa maji ya vuguvugu, akavikausha kwa taulo, akavirudisha. Hewa ikatoka kwa nguvu ambayo hajaisikia tangu wiki ya kwanza.

Mtu mwingine alinipigia akihema: mashine ya nje inatoa moshi. Haikuwa moshi. Kwenye baridi yenye unyevu, mashine ya nje hujifunga barafu, na kila baada ya muda hugeuza kazi yake kwa dakika chache, ikachukua joto la ndani kujiyeyusha. Feni inasimama, ndani hewa ya moto inakatika, nje mvuke mweupe unapanda na maji yanachuruzika. Dakika chache baadaye inarudi kazini. Kwa sababu hiyo pia mashine ya nje lazima ikae juu ya stendi, juu kuliko theluji inavyofika, na maji yake yasidondokee ngazi unayopitia, maana yataganda hapo na utaanguka. Fundi akitaka kuilaza chini kwenye ardhi, mkatalie.

Usikimbilie kung'oa boila. Iwekee kipimo cha joto cha chini zaidi, kama nyuzi 15 za Selsiasi, iwe ya akiba kwa siku za balaa. Kumbuka Februari 3 na 4 mwaka 2023, kilele cha Mount Washington jimbo jirani la New Hampshire kilipofika nyuzi 44 chini ya sifuri, bila kuhesabu upepo. Ila angalia hili: kidhibiti cha boila kikiwa kwenye chumba kile kile chenye pampu, kitaona joto lipo na boila haitawaka kabisa, huku mabomba ya maji chini ya nyumba yakiganda. Kihamishwe, au boila iwashwe makusudi usiku wa baridi kali. Na wanaosema "umeme ukikatika pampu haina kazi" wamesema kweli, lakini boila ya mafuta nayo inahitaji umeme kuwasha na kusukuma maji. Dhoruba ya Desemba 2023 ilipokata umeme kwa mamia ya maelfu ya wateja, wote walikaa baridi sawa, isipokuwa wenye jiko la kuni.

Wateja wa CMP, kampuni ya umeme ya Central Maine Power, waulizie bei ya msimu kwa wenye pampu ya joto: gharama ya kusafirisha umeme inashuka miezi ya baridi. Na kabla ya yote hayo, zibeni matundu. Dari isiyo na pamba ya kutosha ya kuzuia joto lisitoke inatoa joto nje usiku kucha, hata uwe na mashine ya namna gani.

Kiangazi, mashine ile ile inageuka kiyoyozi, na hapa ndugu zetu wa Dar na Mombasa wanaijua kuliko sisi, kwa sababu AC ya ukutani ni pampu ya joto inayotazama upande mmoja. Ushauri ni ule ule kule kwenye LUKU na tokeni: nunua ya inveta, safisha filta, weka 25 na uache. Kuiweka 16 hakuharakishi chochote, kunaifanya isipumzike.

Lililo moyoni mwangu zaidi ni la wapangaji, maana wengi wetu ndio hao. Kuna mtindo unaanza kuonekana. Mkataba wa zamani ulisema joto liko ndani ya kodi, yaani mwenye nyumba ananunua mafuta. Anaweka pampu, pengine kwa ruzuku, na mkataba mpya unasema umeme ni juu ya mpangaji. Kodi haishuki hata dola moja. Gharama ya joto iliyokuwa ya mwenye nyumba imehamia kwenye mita yako, na mpangaji anashukuru kwa kuletewa AC. Mpango wa namna hiyo ukikufikia, dai kodi ipungue, na dai kwa maandishi.

Sheria ya Maine inakupa vitu viwili vya kushika. Mwenye nyumba anapaswa kuwa na vifaa vinavyoweza kufikisha nyuzi 20 ndani, hata nje ikiwa nyuzi 29 chini ya sifuri. Pampu moja sebuleni kwa nyumba ya vyumba vinne, milango ikiwa imefungwa, haiwezi kulifikia hilo. Na kama nishati utalipia wewe, unapaswa kupewa karatasi ya maelezo kuhusu matumizi ya nishati ya nyumba kabla ya kupanga, na una haki ya kuipata kwa muuzaji wa nishati historia ya miezi 12 ya matumizi na gharama za nyumba hiyo. Iombe kabla ya kutoa amana. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza kinachokushinda, piga picha unitumie. Tutaisoma pamoja mstari kwa mstari kabla hujatia sahihi.